Mzuzu Kuanzia Ubichi hadi Weusi: Kupika Vyakula vya Ndizi vya Afrika Magharibi Nyumbani

Kosa la kwanza katika upishi huu hufanyika sokoni, kabla moto haujawashwa. Mpishi husikia kwamba chakula fulani cha Ghana au Nigeria hupikwa kwa ndizi, akanunua ndizi yoyote ya kupika iliyo mbele yake, na akifika nyumbani akaikaanga, hupata vipande vilivyolowa mafuta, visivyo na utamu wala umbo. Ndizi inayotakiwa ni ile ambayo Tanzania huitwa mzuzu, na ambayo aina yake yenye vidole vichache, virefu na vinene huitwa mkono wa tembo. Uganda huitwa gonja, na Wakongo wengi huijua kwa jina la makemba. Ndizi za matoke ni jamii nyingine kabisa: zina maji mengi zaidi, huwa laini sana zikichemshwa, na haziwezi kushika nafasi ya mzuzu katika chakula chochote nitakachokieleza hapa.

Kosa la pili ni kupuuza rangi ya ganda. Mzuzu mbichi umejaa wanga. Kadiri unavyoiva, wanga huo hugeuka sukari, na nyama yake, iliyokuwa ngumu na kavu, hulainika na kuwa tamu. Wapishi wa Accra, Abidjan na Lagos hawauchukulii mzuzu wa kijani na mzuzu mweusi kuwa kitu kimoja, bali ni viungo viwili tofauti, kila kimoja na vyakula vyake, na mapishi mengi yanayoshindikana ugenini hushindikana kwa sababu mtu ametumia mzuzu sahihi katika siku isiyo yake. Kwa hiyo ninakushauri usinunue mizuzu kwa ajili ya chakula kimoja. Nunua chana moja yenye vidole kumi hadi kumi na viwili, vikiwa vya kijani, kisha upike kwa kufuata maganda yanavyobadilika. Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa utaratibu huohuo.

Ukiiacha juu ya meza, mizuzu ya kijani huchukua takribani siku tano hadi kumi kuiva barabara, kulingana na joto la nyumba yako. Ukitaka kuiharakisha, ifunge ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyokwisha kuiva, kwa kuwa tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini ambayo huchochea uivaji wa matunda yaliyo jirani nalo. Usiiweke kwenye friji ikiwa bado ya kijani. Baridi huvuruga uivaji, ganda likawa jeusi huku nyama ikibaki ngumu na isiyo na utamu, na mpishi akidanganywa na ganda hilo hukaanga mzuzu mbichi akidhani umeiva. Mzuzu ulioiva tayari ndio unaoweza kuwekwa kwenye friji kwa siku mbili tatu ili usiharibike.

Kabla ya kuanza, tafuta pia mafuta ya mawese mekundu, yasiyosafishwa. Mafuta ya kupikia ya rangi hafifu yanayouzwa madukani kwa chupa mara nyingi hutokana na chikichi hilohilo, lakini yameondolewa rangi na ladha, na ladha hiyo ndiyo inayotafutwa. Wasomaji wa Kigoma, Burundi na mashariki mwa Kongo hawahitaji kuelekezwa wapi pa kuyapata. Walioko Ulaya na Marekani watayakuta katika maduka ya vyakula vya Kiafrika. Pilipili inayotumika sana huko ni ile ya mviringo yenye harufu nzuri na ukali mwingi, na pilipili mbuzi yetu inafaa kabisa. Yaliyosalia ni ya kawaida jikoni kwetu, yaani tangawizi, vitunguu, nyanya, karanga, kunde, na samaki wa moshi au dagaa.

Ganda likiwa la kijani: fufu na ampesi

Mzuzu mbichi haumenyeki kwa vidole kama ndizi ya kula. Kata ncha zote mbili, pitisha ncha ya kisu kwa urefu wa ganda bila kuizamisha sana kwenye nyama, kisha ingiza kidole gumba chini ya ganda na ulivue kwa ubavu. Utomvu wake huacha madoa meusi mikononi na kwenye nguo, kwa hiyo paka mikono mafuta kidogo au menyea ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Maji hayo pia huzuia vipande visigeuke rangi.

Fufu ya Waakan wa Ghana ni mchanganyiko wa muhogo na mzuzu mbichi. Msomaji wa Kongo asiichanganye na fufu ya kwao, ambayo hupikwa kwa unga kama ugali. Hii hutwangwa kutokana na vyakula vilivyokwisha kuchemshwa, nayo huwa laini, yenye kuvutika na kung'aa. Muhogo ndio unaoipa mvuto, na mzuzu ndio unaoipa ladha na kuizuia isinate kupita kiasi. Kule Kodivaa, Ivory Coast kwa wengine, kuna ndugu yake aitwaye foutou, ambao mara nyingi huwa na mzuzu mwingi zaidi na hutoka mgumu kidogo na wa manjano zaidi.

Kwa watu wanne, chukua mizuzu mibichi mitatu na gramu 600 hadi 700 za muhogo mtamu uliovunwa karibuni. Menya muhogo hadi uondoe ngozi ya nje na ile ya ndani yenye rangi ya waridi au nyeupe, uupasue katikati na kuondoa mzizi mgumu ulio moyoni. Ninasisitiza muhogo mtamu, wa kununuliwa kwa muuzaji unayemwamini, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ambayo kuchemsha tu hakuiondoi ya kutosha. Chemsha muhogo kwanza kwa dakika kumi, kisha tia mizuzu na uendelee kwa dakika ishirini nyingine, hadi kisu kipenye vyote viwili bila ukinzani.

Mwenye kinu na mchi aanze na mizuzu peke yake, aitwange ingali moto hadi isiwe na chembe, aitoe na kuiweka pembeni. Muhogo hutwangwa baada ya hapo, nao huwa mgumu na wenye kunata ghafla. Vyote vinapochanganywa kinuni, kazi huhitaji watu wawili: mmoja amesimama akitwanga, mwingine ameketi, amelowesha mkono, akiligeuza donge kati ya pigo na pigo na kulinyunyizia maji matone machache. Nimeitazama kazi hii kwa jirani aliyezaliwa Kumasi, na lililonigusa ni kwamba wawili hao hawakuhesabu wala kuitana. Mdundo wenyewe wa mchi uliwaongoza. Usijaribu kuingiza mkono wako kinuni mchi ukiendelea kupiga kama hamjazoeana. Simamisha mchi kwanza, geuza, ndipo mwenzako aendelee. Fufu itachelewa kidogo, lakini vidole vitasalimika.

Asiye na kinu anaweza kutumia mashine ya kusagia, na wapishi wengi wa Ghana waishio mijini na ughaibuni hufanya hivyo. Kata mizuzu na muhogo vikiwa vibichi, visage pamoja na maji kiasi cha kuuwezesha mchanganyiko kuzunguka, yaani kama vikombe viwili, hadi upate uji mzito usio na chembe hata moja. Umimine kwenye sufuria nzito, uweke kwenye moto wa kiasi, na uanze kukoroga kwa mwiko mara moja. Dakika nne au tano za mwanzo uji utashika madonge na utaonekana umeharibika, lakini usiuache wala usiongeze maji mengi. Endelea kuukandamiza kwenye ukuta wa sufuria kama anayesonga ugali. Ukishakuwa donge moja, nyunyiza robo kikombe cha maji pembezoni, funika, punguza moto, na uache mvuke ufanye kazi kwa dakika tano. Rudia kusonga na kufunika mara mbili au tatu. Fufu iliyoiva hupoteza weupe wa chaki, hugeuka manjano hafifu yenye kung'aa na huvutika bila kukatika. Ikiwa bado ina mabaka meupe au ladha ya unga mbichi, haijaiva, na dakika kumi nyingine hazitaidhuru. Lowesha bakuli dogo kwa maji, tia mgao wa mtu mmoja, uzungushe hadi uwe mviringo, na uupakue ndani ya bakuli la supu.

Fufu hailiwi bila supu. Iliyo nyepesi huitwa nkrakra, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Kata kuku wa kienyeji au kilo moja ya nyama ya mbuzi, utie kwenye sufuria pamoja na kitunguu kimoja na kipande cha tangawizi vilivyosagwa, pamoja na chumvi, na uache nyama ichemke katika maji yake yenyewe kwa dakika kumi. Ongeza lita moja na nusu ya maji, kisha tumbukiza nyanya nne nzima, kitunguu kimoja kizima, nyanya chungu nne na pilipili mbuzi moja au mbili. Baada ya dakika ishirini, opoa mboga hizo zilizolainika, uzisage na uzirudishe kwenye sufuria kupitia chujio. Hakuna kukaanga wala kutia mafuta. Utamu hutoka kwenye nyama, na ukipenda, kwenye kipande cha samaki wa moshi kitakachoongezwa mwishoni. Iache ichemke hadi nyama iwe laini. Anayetaka supu nzito ya karanga, nkatenkwan, hukoroga gramu 150 za karanga zilizosagwa laini, zisizotiwa sukari, katika mchuzi wa moto, akazimimina kwenye supu hiyohiyo na kuchemsha taratibu kwa nusu saa au zaidi, hadi mafuta ya karanga yaelee juu.

Chakula hiki huliwa kwa mkono wa kulia. Humegwa tonge dogo, likachovywa kwenye supu na kumezwa bila kutafunwa. Wanaokutana nacho mara ya kwanza huona jambo hilo kuwa gumu, lakini anayetafuna fufu huishia na utando mdomoni, ilhali anayemeza husikia pilipili na tangawizi vikishuka pamoja nayo.

Ukiwa huna muda wa kutwanga wala kusonga, mizuzu hiyohiyo mibichi inaweza kuchemshwa tu kwa chumvi kwa dakika ishirini na tano. Waghana huita chakula hicho ampesi, iwe ni mzuzu, viazi vikuu au magimbi, na huandamana na kitoweo cha kontomire, ambacho ni majani ya magimbi. Majani hayo yana chembechembe zinazowasha koo, kwa hiyo yachemshe vizuri kwa dakika kumi na tano na uyamwage maji yake kabla ya kuyaunga. Mchicha au spinachi hufaa pia, na haihitaji tahadhari hiyo. Kaanga kitunguu katika mawese, tia nyanya, pilipili na samaki wa moshi aliyemenyuliwa, halafu mimina kikombe kimoja cha mbegu za maboga zilizosagwa na kukandwa kwa maji kidogo, badala ya mbegu za agushi wanazotumia huko. Usikoroge kwa dakika tano ili mbegu zishikane kama mayai ya kuvuruga, ndipo utie majani.

Ganda likianza kuwa la manjano: eto na boli

Kati ya kijani na manjano kuna siku mbili au tatu ambazo mzuzu una utamu kidogo lakini bado umeshikana. Hapo ndipo Waakan hupika eto, chakula cha siku ya kuzaliwa na siku nyingine za furaha. Chemsha mizuzu mitatu, uiponde ingali moto pamoja na kitunguu, pilipili na chumvi vilivyosagwa, ukitumia bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani kama unalo, au kinu kidogo. Mimina vijiko vinne vya chakula vya mawese yaliyopashwa moto na kipande cha kitunguu ndani yake, changanya hadi rangi ienee kote, kisha pamba juu kwa karanga za kukaanga, vipande vya parachichi na mayai ya kuchemsha. Mtu anayesherehekewa hupewa yai lake zima, lisilokatwa.

Boli ya Nigeria haina maelezo mengi. Menya mzuzu wa manjano ulio mgumu, uweke juu ya wavu wa jiko la mkaa wenye joto la wastani, na uugeuze mara kwa mara kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Mkaa ukiwa mkali sana, nje huungua na moyo hubaki mbichi. Lagos huliwa pamoja na karanga. Port Harcourt, inakopendwa mno, huambatana na samaki wa kuchoma na mchuzi wa mawese wenye pilipili na vitunguu.

Manjano yenye madoadoa meusi: vyakula vya kukaanga

Hii ndiyo siku ambayo wengi huingoja. Ganda limekuwa la manjano, madoa meusi yamefunika kama theluthi au nusu yake, na ukiubonyeza mzuzu husalimu amri kidogo bila kubonyea moja kwa moja. Ukiukaanga kabla ya hapo utapata kitu kikavu. Ukichelewa sana, vipande hunyonya mafuta na kuungua kwa wingi wa sukari.

Kanuni za kukaanga ni chache, lakini kila moja ina sababu. Tumia mafuta ya kutosha vipande vielee, si utando mwembamba chini ya kikaango. Yapashe hadi nyuzijoto 170 au 180. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande kimoja, na kikizungukwa mara moja na mapovu madogo bila kubadilika rangi ghafla, mafuta yako tayari. Kaanga kidogo kidogo, kwa kuwa kujaza karai hushusha joto, na mafuta yasiyo na joto la kutosha huingia ndani ya ndizi badala ya kuikausha kwa nje. Toa vipande vikiwa na rangi ya dhahabu nzito, kwani vitaendelea kukolea vikiwa nje ya moto.

Kwa kufuata kanuni hizo umeshapika dodo, kama Wayoruba wa Nigeria wanavyoiita: mzuzu uliokatwa mshazari, unene wa sentimita moja, ukatiwa chumvi kidogo na kukaangwa pande zote mbili kwa dakika tano au sita, kisha ukawekwa kando ya wali wa jollof au maharage. Alloco ya Kodivaa ni jamaa yake wa karibu, ila vipande huwa vidogo zaidi, na huletwa pamoja na samaki wa kuchoma au kukaanga na kachumbari ya moto ya vitunguu, nyanya na pilipili. Chakula hiki kina heshima kubwa Abidjan, hata mahali maarufu pa kukilia katika mtaa wa Cocody paliitwa Allocodrome.

Kelewele inahitaji maelezo zaidi, na kwangu mimi hakuna namna ya kukaanga mzuzu inayoishinda. Ni chakula cha jioni cha mitaa ya Accra, ambako wanawake hukaa nyuma ya makarai yao giza linapoingia na kuuza vipande vya moto pamoja na karanga. Kwa watu wanne, chukua mizuzu minne, uikate vipande vya mraba vya sentimita mbili. Saga pamoja kipande cha tangawizi chenye uzito wa gramu 50, nusu kitunguu, pilipili mbuzi moja, karafuu nne, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, ukiongeza maji vijiko viwili tu. Ghana huongezwa pia hwentia, ganda jeusi la mti wa msituni lenye harufu ya moshi na pilipili. Ukilipata, saga moja, na ukilikosa, kungumanga kidogo itasaidia ingawa harufu yake ni nyingine. Changanya viungo na ndizi kwa mkono, taratibu ili vipande visivunjike, na uache kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Usilaze usiku kucha kama nyama. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye ndizi, na ndizi iliyotoa maji haipati ganda la nje linalokauka na kushika viungo.

Kabla ya kutumbukiza vipande, viokote na kuacha maji yaliyobaki kwenye bakuli. Viungo vinavyobanduka huungua chini ya karai na kutia uchungu awamu inayofuata, kwa hiyo vichote kwa kijiko chenye matundu kila mara. Dakika tano hadi saba zinatosha. Kelewele nzuri ina kingo nyeusi-kahawia zilizokolea sukari, ndani ni laini, na tangawizi hufika kabla ya pilipili. Tangawizi hiyo usiipunguze kwa hofu: wapishi wengi wasioizoea hutia kidogo, na wanachopata ni dodo ya mraba.

Cha mwisho katika kundi hili ni kile kinachoitwa red-red, kunde katika mawese pamoja na mzuzu wa kukaanga, jina likitokana na wekundu wa mafuta na rangi ya ndizi. Loweka gramu 400 za kunde nyeupe zenye jicho jeusi kwa saa chache, uzichemshe hadi zipondeke kwa vidole, na uhifadhi kikombe kimoja cha maji yake. Katika sufuria nyingine pasha mililita 150 za mawese hadi yawe mepesi kabisa, lakini yasifuke moshi, kwa kuwa moshi huo huondoa rangi na kuacha harufu mbaya. Kaanga vitunguu viwili vilivyokatwa hadi vilainike, tia tangawizi na pilipili vilivyosagwa, halafu nyanya nne na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Hapa usiharakishe: nyanya hazina budi kupikwa kwa robo saa hivi, hadi zipoteze ukali na mafuta yaanze kujitenga pembezoni, kwani ukitia kunde mapema kitoweo chote kitakuwa na uchachu mbichi ambao hautatoka tena. Tia kijiko kimoja cha kamba wakavu au dagaa waliosagwa, mimina kunde na nusu ya maji yake, ponda kunde chache ukutani mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, na uache kwenye moto mdogo kwa dakika ishirini.

Ninafahamu kwamba kiasi hicho cha mawese humshtua mpikaji aliyezoea kijiko kimoja cha mafuta. Unaweza kushuka hadi mililita 100, na chakula kitakuwa kizuri bado, lakini chini ya hapo unapika kunde za kawaida. Wakati wa kupakua, weka vipande vya mzuzu wa kukaanga pembeni na unyunyize juu ya kunde kijiko cha gari, yaani muhogo uliokunwa, ukachachushwa na kukaangwa mkavu hadi ukawa chenga. Gari hunyonya mafuta yaliyoelea na kukipa kitoweo uzito.

Ganda likiwa jeusi: tatale

Mizuzu miwili au mitatu ya mwisho itakuwa imelainika hadi haikatiki vipande, na ganda lake limekuwa jeusi tupu. Hakikisha tu kwamba hakuna ukungu wala harufu ya pombe, kisha uimenye na kuiponda kwa uma. Kwa mizuzu mitatu, changanya nusu kitunguu, kipande kidogo cha tangawizi na pilipili moja vilivyosagwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha mawese na vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano au wa mahindi. Rojo liwe zito, la kuchoteka kwa kijiko, lisitiririke. Liache dakika ishirini ili unga unywe unyevu. Asiyesubiri hulazimika kuongeza unga, na tatale ikapoteza ulaini wake. Kwenye kikaango bapa chenye vijiko viwili vitatu vya mawese, weka kijiko kimoja kimoja cha rojo, ubapaze hadi ukubwa wa kiganja, na ukaange dakika tatu kila upande kwa moto mdogo kuliko ule wa dodo, kwa sababu sukari ya mzuzu mweusi huungua upesi. Ukigeuza mapema itavunjika. Subiri hadi kingo ziwe kavu. Rojo hilohilo, likichotwa na kudondoshwa kama vitumbua vidogo katika mafuta mengi, ndilo claclo la Kodivaa.

Ghana, tatale huliwa pamoja na aboboi, na aboboi si kitu kigeni kwetu, kwani ni njugu mawe za kuchemsha. Ziloweke usiku kucha siku unapoliona ganda limekuwa jeusi, uzichemshe asubuhi kwa saa mbili au zaidi, na usitie chumvi hadi zimelainika. Zipakue na mchuzi wake mzito ndani ya bakuli, zikiwa na sukari kidogo kwa anayeipenda, na tatale mbili za moto juu ya sahani pembeni yake.